Vikeki vya Rangi na Mfuko wa Bibi

Mimi ni bibi wa mjukuu mmoja. Jina lake la cheti lipo, lakini hapa nyumbani tunamwita Bosi. Ana miaka miwili na miezi mitatu. Akitaka maji, nyumba nzima inasimama. Akilala, sote tunanyata. Sasa niambieni, kuna bosi gani zaidi ya huyo?

Tunaishi wanne katika nyumba ya vyumba viwili na jiko dogo la nyuma. Mwanangu ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Mkewe anashona sare katika karakana ya nguo. Huyo ni mkwe wangu, lakini mimi namwita mwanangu, naye ananiita Mama. Wote wawili hutoka asubuhi na mapema. Mimi hubaki na Bosi.

Wakishafunga mlango, mimi na Bosi tunaanza kazi zetu. Tunafagia. Tunaanika nguo, na yeye ananipa vibanio kimoja kimoja. Tukimaliza, tunakaa barazani na karatasi za baba yake. Mafundi wa rangi huwa na karatasi zenye sampuli, ili mwenye nyumba achague rangi ya ukuta wake. Bosi anazipenda karatasi hizo kuliko mpira.

"Njano!" anasema.

Si njano, ni kijani. Lakini mimi namjibu, "Ndiyo, mume wangu." Bibi na mjukuu hawawezi kugombana kwa sababu ya rangi.

Ikifika saa nne, Bosi huja kusimama mbele yangu. Anaingiza mkono katika mfuko wa gauni langu. Siku hizo mfuko huo haukukosa biskuti. Biskuti mbili, tatu, siku nyingine hata tano. Tulikuwa tunazichovya kwenye chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Halafu mimi naweka kidole mdomoni, "Shhh!" Na yeye anaweka kidole mdomoni, "Shhh!" Ilikuwa siri yetu sisi wawili.

Niliona ubaya gani? Mtoto anakula, anacheka, ananipenda. Bibi anataka nini tena duniani?

Shida ilikuja mchana. Bosi hakuwa na hamu ya chakula. Wali aliuchezea. Maharage aliyatema. Mchicha aliusukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa sahani, kisha akaudondosha chini. Hata choo chake kilikuwa kigumu, na kila akienda alilia mpaka machozi yakamwishia. Mama yake akirudi jioni, alimkimbiza na kijiko uani. "Kimoja tu, baba. Kimoja tu!" Bosi alifunga mdomo kama mlango wa benki.

Siku moja tulikwenda kliniki, mimi na mkwe wangu. Muuguzi alimweka Bosi kwenye mzani.

"Kilo tisa na nusu," alisema. Akafungua kadi. Akaweka nukta ya kalamu, kisha akatuonyesha. "Tazameni. Mara ya kwanza tisa na nusu. Mara ya pili tisa na nusu. Leo tena tisa na nusu. Mstari huu unatakiwa kupanda. Wa mtoto wenu umelala."

Mkwe wangu alikaa wima kwenye kiti. "Hataki kula, dada. Mboga ndiyo hataki hata kuiona."

"Na katikati ya milo anapewa nini?"

"Hapewi kitu. Labda maziwa kidogo." Mkwe wangu akanigeukia. "Au siyo, Mama?"

Nilikuwa na biskuti tatu mfukoni. Nilizisikia zikinigusa pajani.

"Ndiyo," nilisema. "Maziwa tu."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

Muuguzi aliandika tarehe kwenye kadi. "Mrudi baada ya wiki nane. Mstari ukiwa bado umelala, nitawapa barua. Mtakwenda hospitali kubwa akapimwe zaidi."

Jioni ile mkwe wangu alimweleza mumewe yote. Kisha akasema, "Nikirudi kliniki na mstari ule ule, naacha kazi. Nitakaa nyumbani nimlishe mwenyewe."

Nilishtuka. Mwezi uliopita tu alikuwa amepewa meza ya kukata vitambaa. Wanaokata ni watatu katika karakana nzima. Yeye aliisubiri meza hiyo miaka minne, na siku aliyoipata aliimba njia nzima mpaka nyumbani.

"Usikate tamaa mapema," mwanangu alimwambia. "Mtoto anapenda rangi. Mimi ni fundi wa nini? Mambo ya rangi niachieni mimi!"

Jumamosi alirudi na chupa tatu ndogo. Zilikuwa rangi zile za kupambia keki. Akaponda viazi, akavigawa mafungu matatu, akatia rangi. Fungu moja likawa bluu, moja waridi, na moja kijani kibichi. Jamani, mimi nimeona mengi, lakini kiazi cha bluu kilinitisha. Bosi alipiga makofi. Alikula kile cha bluu chote, ulimi ukawa bluu, meno bluu, hata masikio yalikuwa na bluu.

"Mnaona?" mwanangu alijigamba. "Mnaona kazi ya fundi?"

Asubuhi ya Jumapili nilifungua nepi ya Bosi. Nikapiga yowe ambalo sijalipiga tangu ujana wangu. Choo kilikuwa kijani kama jani la mgomba!

Jirani yetu wa mlango wa pili alitoka mbio na mwiko mkononi. Yeye ni mpishi wa shule ya chekechea. Watoto wa shule wanamwita Mama Mwiko, na sisi wakubwa tumelidaka jina hilo hilo.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Nani kaumia?"

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone balaa hili!"

Mama Mwiko aliangalia nepi. Akaangalia ulimi wa Bosi. Akaziona chupa tatu mezani. Kisha alicheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna mgonjwa hapa," alisema. "Ni rangi tu imepita. Itaisha yenyewe kesho au keshokutwa. Sasa niambie, fundi. Ulichompa mtoto jana ni nini?"

"Viazi," mwanangu alijibu kwa sauti ndogo.

"Na juzi alikula nini?"

"Viazi."

"Basi umepaka ukuta wa nje, ndani ya nyumba hakuna kipya. Lakini usijisikie vibaya. Wazo lako lina akili. Mtoto anavutwa na rangi kweli. Ila rangi hizo zipo sokoni, ndani ya chakula chenyewe. Mchana nakuja. Tafuteni sufuria, kikwaruzio na kikaango."

Mchana alikuja na kikapu. Akatoa karoti, kipande cha boga, fungu la mchicha, bitiruti moja, viazi, mayai manne na maharage yaliyochemshwa. Bosi alizunguka kikapu mara mbili.

"Kwanza mikono," Mama Mwiko alisema. "Wote, na Bosi pia. Halafu mboga tunaziosha kwa maji safi. Bosi, nishikie karoti hii. Ioshe."

"Atachafua kila kitu," mkwe wangu alisema.

"Aachwe achafue. Mtoto huogopa kitu asichokijua. Akikishika, akakinusa, akakiosha, kinaanza kuwa chake."

Bosi aliosha karoti moja kwa robo saa nzima. Uani kulilowa chapachapa, na yeye mwenyewe alilowa mpaka kitovuni.

Mama Mwiko alichemsha viazi na boga, kisha akaviponda. Karoti na bitiruti alizikwaruza ziwe laini. Mchicha aliuchemsha kidogo, akaukamua maji, akaukatakata ndogo ndogo. Viazi vilivyopondwa alivigawa katika mabakuli matatu. La kwanza alitia karoti na boga. La pili alitia mchicha. La tatu alitia bitiruti na maharage ya kuponda. Kila bakuli alivunja yai moja na kuongeza kijiko cha unga.

"Kwa nini yai na maharage?" mkwe wangu aliuliza. "Si tunamfundisha mboga?"

"Swali zuri. Mboga zina faida nyingi. Karoti na boga husaidia macho. Majani ya kijani husaidia damu. Zote zinalainisha choo, na Bosi anahitaji hilo. Lakini mboga peke yake haziongezi kilo. Mtoto ambaye mstari wake umelala anataka pia yai, maharage, kiazi na mafuta kidogo. Humu ndani vipo vyote."

Alifinyanga vidonge bapa, kila kimoja kama kidole gumba changu. Akavipanga kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, akafunika. Akavigeuza mpaka yai likaiva kabisa. Vikatoka vikeki vya rangi ya machungwa, vya kijani na vyekundu.

"Sasa sikilizeni jambo la hatari," alisema. Alichukua kikeki kimoja akakibonyeza kati ya vidole viwili. Kikabonyea. "Chakula cha mtoto mdogo kiwe laini namna hii. Karoti mbichi, ngumu, iliyokatwa mviringo, usimpe. Inaweza kumkaba koo. Na anapokula, awe amekaa, na mtu mzima awe karibu yake. Hakuna kula huku anakimbia uani."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Alikumbuka mbio zake na kijiko.

"Na hivi vyekundu," Mama Mwiko aliongeza, akinitazama mimi, "vina bitiruti. Kesho mkiona choo chekundu au mkojo wa waridi, bibi asipige yowe."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kwa aibu.

Tukakaa mezani. Mbele ya Bosi kulikuwa na kisahani kidogo chenye vikeki vitatu, kimoja cha kila rangi. Alivitazama. Alibonyeza cha machungwa. Akakilamba, akakitema. Cha kijani alikisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa sahani. Pu! Kikaanguka chini.

"Umeona?" mkwe wangu alisema. "Havipendi."

"Hajasema havipendi. Hajavizoea. Mtoto anaweza kukataa chakula mara kumi, hata mara kumi na tano, kabla hajakikubali. Wazazi wengi wanaacha mara ya tatu. Wewe weka kidogo tu, kesho weka tena. Usimlazimishe, usimkimbize, usimpe pipi kama hongo. Kula na wewe, akuone."

Mwanangu alikuwa anasikiliza kwa makini. "Kumbe ni kama ukuta mkavu," alisema.

"Vipi?"

"Ukuta mkavu unakunywa rangi. Unapaka mara ya kwanza, kesho unakuta kama hujapaka kitu. Mwenye nyumba anakasirika, anasema rangi yako mbovu. Lakini rangi ile haijapotea, imeingia ndani. Unapaka mara ya pili, ya tatu, ndipo inakaa."

"Hapo umesema, fundi!" Mama Mwiko alifurahi. Halafu macho yake yakatua kwenye sahani ya mwanangu. "Na hicho ni nini?"

Ukingoni mwa sahani yake kulikuwa na kikeki cha kijani. Alikisukuma pale yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Mkwe wangu aliangalia sahani ya baba. Akaangalia sahani ya mtoto. "Ee! Kidole kile kile!"

"Maji hufuata mkondo," Mama Mwiko alisema. "Nani alikuzoesha hivyo, fundi?"

Mwanangu alinitazama. Sikuwa na pa kukimbilia. Ni kweli, alipokuwa mdogo nilikuwa nakula mchicha wake ili asilie. Nilidhani ndiyo mapenzi.

"Haya, kula," nilimwambia. "Mwanao anakuona."

Alifumba macho kama anayekunywa dawa chungu. Akakitia mdomoni, akatafuna. Kisha akafumbua jicho moja. "Mbona si kibaya?"

Kabla ya kuondoka, Mama Mwiko alisema neno la mwisho. "Saa nne mpeni hivi vikeki na maji, au maziwa kikombe kidogo. Msimpe chai ya sukari wala biskuti. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza biskuti saa nne, saa saba chakula kitakaa wapi?"

Alikuwa hajui. Alisema tu kama anavyowaambia wazazi wa shuleni. Lakini mimi nilikaa tuli kama maji mtungini.

Tangu siku hiyo mkwe wangu aliamka saa kumi na moja alfajiri. Nilisikia kikwaruzio, kwaru, kwaru, kwaru, na miayo yake katikati. Alipika vikeki, akaviweka kwenye kopo, akanikabidhi. "Vya saa nne, Mama."

Saa nne Bosi alikuja. Nilimfungulia kopo. Hakuangalia kopo. Aliangalia mfuko wangu, kisha akaniangalia usoni kwa macho yale yake makubwa. Moyo wangu ukayeyuka.

"Leo tu," nilisema, nikampa biskuti.

Kesho yake nikasema tena, "Leo tu." Na keshokutwa hivyo hivyo. Vikeki nilivila mwenyewe, maana kutupa chakula ni dhambi. Vilikuwa vitamu, nisiwafiche.

Jioni mkwe wangu aliuliza, "Amekula, Mama?"

"Amejaribu kidogo."

Zilipita wiki moja, mbili, tatu. Mchana Bosi aliendelea kusukuma sahani. Mkwe wangu alipungua yeye. Mimi nilinenepa.

Wiki ya tano, jioni moja, nilimkuta anaosha kopo uani. Alikuwa analiosha muda mrefu, na kopo lilikwisha kutakata zamani.

"Mama," alisema bila kugeuka, "kesho nakwenda kuaga kazini."

"Kwa nini, mwanangu? Wiki nane bado."

"Leo kabla ya kwenda kazini nilimpitisha shuleni kwa Mama Mwiko, nikampima kwenye mzani wao. Tisa na nusu." Alifunga bomba. "Nimefanya yote niliyoambiwa. Watoto wa wenzangu wanakula. Wangu hali. Pengine mimi sijui kuwa mama."

Maneno yale yalinichoma. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, lakini sikumbuki siku niliyojiona mdogo kama siku ile. Binti wa watu anaacha kazi aliyoisubiri miaka minne, anajiita si mama, na mimi nimesimama nyuma yake na ushahidi umo mfukoni.

Niliingiza mkono. Nikatoa biskuti tatu. Nikageuza mfuko nje, makombo yakamwagika chini.

"Si wewe," nilisema. "Ni mimi."

Aligeuka. Akatazama biskuti. Akatazama makombo.

"Kila siku?"

"Kila siku. Na chai ya sukari. Vikeki vyako nakula mimi."

"Wiki tano, Mama." "Naamka saa kumi na moja. Nakwaruza karoti nimesinzia. Nimejikata vidole viwili. Na wewe kila jioni unaniambia amejaribu!"

"Najua."

"Na pale kliniki nilikugeukia wewe. Ulisema maziwa tu."

"Nilisema hivyo. Niliogopa aibu. Nisamehe, mwanangu."

Si rahisi mtu wa umri wangu kumwambia mkwe wake neno hilo. Lakini nililitoa. Alikusanya biskuti, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Cha nyumba yetu kilikuwa kwenye gauni langu.

Sikulala vizuri. Alfajiri niliamka nikaingia jikoni. Mkwe wangu alikuwa amesimama pale, amevaa sare yake ya kazi, mkoba begani. Nikajua anakwenda kuaga.

Alininyooshea kikwaruzio.

"Leo kwaruza wewe, Mama," alisema. "Mimi nimechelewa. Nina vitambaa vya kukata."

Akatoka. Nilibaki nimekishika kikwaruzio kwa mikono miwili, na machozi yananitiririka. Hapakuwa na kitunguu pale jikoni.

Sasa msidhani mambo yalinyooka siku ile. Thubutu! Saa nne Bosi aliingiza mkono mfukoni. Akatoa mkono mtupu. Akaingiza tena. Akauvuta mfuko mpaka ukatoka nje kama ulimi. Alipojua hakuna kitu, alijitupa chini akalia, akapiga miguu, akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Nilikaa karibu yake. Sikumpiga, sikumpa hongo. Nilisema tu, "Bibi yupo." Mchana alikula vijiko vinne vya wali. Ni vinne tu, lakini siku hiyo alivila kwa njaa ya kweli.

Siku ya pili alininunia. Mume wangu huyo mdogo hakunisemesha mpaka jioni.

Siku ya tatu nilipata akili. Nilitandika mkeka barazani, nikaweka kisahani cha vikeki na zile karatasi za rangi za baba yake. Nikachukua kikeki cha machungwa, nikakiweka juu ya sampuli ya machungwa.

"Vimefanana?" nilimuuliza.

Bosi aligeuza uso. Alikuwa bado amenuna, lakini rangi zilimshinda. Alichukua chekundu, akakiweka juu ya nyekundu. Akachukua cha kijani, akakiweka juu ya bluu. Sikumkosoa. Mimi nilikula changu polepole, nikatazama barabarani kana kwamba sina habari naye.

Akachukua cha machungwa. Akakinusa. Akauma.

Nilitaka kupiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Nikajizuia, maana Mama Mwiko alisema mtoto akifanyiwa sherehe kwa kila tonge, kesho atataka ngoma. Nilishika mdomo wangu kwa mkono. Bosi alitafuna, akameza, akachukua cha pili.

Chekundu alikikubali wiki hiyo hiyo. Cha kijani alinizungusha. Alikilamba, alikitema, alikificha chini ya mkeka. Nilikuwa nachora mstari ukutani kwa mkaa kila nikimwekea. Baba yake alilalamika kwamba namharibia rangi ya ukuta. Nikamwambia anyamaze, ale mchicha wake. Na kweli siku hizo alikuwa anaula, mbele ya mwanawe, bila kufumba macho. Mara ya kumi na mbili Bosi alimtazama baba yake akila. Akatazama kikeki cha kijani. Akakitia chote mdomoni, shavu likavimba.

Choo kikalainika. Mchana akaanza kumaliza maharage. Jioni mama yake hakumkimbiza tena. Alikaa chini, akala naye.

Wiki ya nane tulikwenda kliniki wote wanne. Mwanangu aliomba ruhusa kwenye nyumba anayopaka. Muuguzi alimweka Bosi kwenye mzani. Akarekebisha mzani, akasoma tena.

"Kilo kumi kamili."

Akaweka nukta kwenye kadi. Akaiunganisha na ile ya zamani. Mstari uliokuwa umelala uliinua kichwa. Mkwe wangu aliishika kadi kwa mikono miwili, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Hongera, mama," muuguzi alimwambia. "Mmebadilisha nini nyumbani?"

Mkwe wangu alinitazama, kisha akatazama kadi. Alikuwa tayari kunifichia aibu yangu, mtoto wa watu. Lakini nilikwisha kusema uongo mara moja kwenye chumba kile.

"Tumebadilisha bibi," nilisema. "Yule wa zamani alikuwa anatoa biskuti mfukoni."

Muuguzi alicheka mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia.

Barua ya hospitali haikuandikwa. Mkwe wangu yuko kwenye meza yake ya kukata vitambaa mpaka leo. Jumapili wanawake wawili watatu wa mtaani huja jikoni kwetu na karoti zao, na Mama Mwiko ananiachia mimi niwaeleze. Nawaeleza yote, na habari za mfuko nazieleza pia.

Jana, saa nne, nilikuwa nimekaa barazani natenga vibanio. Bosi alimaliza vikeki vyake, akafuta mikono kwenye nguo, akaja kusimama mbele yangu. Akaingiza mkono katika mfuko wa gauni langu. Nikasema, leo tena?

Lakini mkono haukuwa mtupu ulipoingia. Ulitoka mtupu.

Alinitazama kwa macho yale yale. Akaweka kidole mdomoni. "Shhh!" alisema. "Bibi kula."

Nikaingiza mkono, nikatoa kikeki cha kijani. Kilikuwa kimetafunwa nusu, kina mate na nyuzi za gauni. Nikakila chote.